Uboho wa Mtoto kwa Nduguye: Kutoka Jeddah 1408 H hadi Makka 1424 H

Kwa miaka mingi mzazi wa Tunduma au Vwawa mwenye mtoto wa selimundu, maradhi ambayo wengi tunayaita sikoseli, hakuwa na la kutarajia ila dawa, kuongezewa damu na dua. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikizia uboho watoto wenye maradhi hayo. Suala lililokuwa la vitabuni sasa limefika mlangoni kwetu: ni nani anayeruhusiwa kuutoa uboho huo?

Tueleze kwanza jambo lenyewe. Uboho ni ule ute ulio ndani ya mifupa, na humo mna seli shina zinazozalisha damu. Mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uboho wake, kisha seli za mtoaji huingizwa mshipani kama anavyoongezewa damu. Hufika mifupani zenyewe na, Allah (s.w.) akijaalia, baada ya wiki chache huanza kuzalisha damu nzima. Hatari ipo, tena kubwa: maambukizi, na seli ngeni kuushambulia mwili wa mgonjwa. Kwa hiyo hutafutwa ndugu wa baba na mama mmoja anayelingana naye, na kila ndugu ana nafasi moja tu katika nne. Ndugu huyo mara nyingi naye ni mtoto.

Kwamba tiba hii inaondoa selimundu lilijulikana kama kwa bahati. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani walieleza habari za binti aliyepandikizwa kwa ajili ya saratani ya damu. Akapona na selimundu aliyokuwa nayo. Oman walianza upandikizaji miaka ya tisini.

Majmaa ya Fiqhi ya OIC, iliyokutana Jeddah Jumada al-Akhira 1408 H (Februari 1988), iliruhusu kutoa kiungo kinachojirudisha chenyewe, ikataja damu na ngozi. Uboho nao hujirudisha, basi unaingia humo. Lakini azimio liliweka sharti: mtoaji awe na ahliya kamili, yaani baleghe mwenye akili timamu. Mtoto wa miaka sita hana. Na walii, kama wanafunzi wa fiqhi wanavyojua, haruhusiwi hata kutoa sadaka mali ya mtoto aliye chini yake; vipi mwili wake?

Jibu lilikuja Shawwal 1424 H (Desemba 2003). Majmaa ya Rabita, Makka, katika kikao cha 17, ilijadili seli shina zenyewe. Ikaruhusu zichukuliwe kwa watoto, mawalii wao wakiridhia, kwa maslaha ya kisheria na bila ya kuwadhuru.

Sisi hatuoni mgongano. Jeddah ilizungumza kwa ujumla, Makka ikafafanua. Linalotutia wasiwasi ni jingine: walii wa mtoaji ndiye huyo huyo baba wa mgonjwa. Anayemuona mwanawe akilia kwa maumivu ya mifupa usiku kucha hawezi kupima sawasawa sindano atakayochomwa nyongani yule mwingine, japo ni kwa nusu kaputi na uboho wake utarudi. Hivyo imamu wa Tunduma akijiwa na baba wa namna hii, tungependa aulize kwanza habari za mtoto mzima: je, amechunguzwa na daktari asiyemtibu nduguye, na ameelezwa kwa kadiri ya umri wake?