Moto Unajua Jina la Jiwe: Shaba, Munyu na Akili ya Wazee wa Katanga

Wengi wetu tuliosoma tunafikiri kutambua metali kwa rangi ya moto ni akili iliyoingia hapa pamoja na kitabu cha kemia. Kitabu kinasema hivi: Bunsen na Kirchhoff, mji wa Heidelberg, miaka ya 1859 na 1860. Ni kweli, na hakuna wa kuwanyima heshima yao. Lakini kwetu Katanga moto ulikuwa mwalimu wa shaba miaka mia nyingi mbele yao. Habari hii inafaa tuiandike, maana leo vijana wetu wanauza mawe wasiyoyajua.

Tuanze na wazee. Kwenye makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wataalamu waliochimbua kuanzia mwaka 1957 walikuta vitu vya shaba vya miaka elfu moja na zaidi. Katika makaburi yaliyofuata walikuta misalaba ya shaba, ile iliyokuja kutumika kama feza. Ile kazi ya kuyeyusha wazee waliiita "kula shaba", na Wayeke waliokuja na Msiri kutoka Unyamwezi katika karne ya 19 waliikuta na kuiendeleza.

Mlima wenyewe njo ulitoa ishara ya kwanza. Pale penye shaba nyingi miti inakataa kuota. Yanabaki majani na maua madogo ya rangi ya zambarau. Halafu walichimba malakite, jiwe la kijani, wakati wa kiangazi. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makala, wakapuliza kwa mivukuto. Shaba inayeyuka kwa digrii 1,085, na hakuna aliyekuwa na chombo cha kupima. Kipimo kilikuwa macho ya fundi: rangi ya makala, rangi ya ndimi za moto. Kazi ilikuwa na miiko yake, na ujuzi ulitoka kwa mzee kwenda kwa kijana, haukuandikwa popote.

Sasa, sababu ya hizi rangi ni nini? Ndani ya kila metali kuna vijichembe vinavyoitwa elektroni. Moto ukivipa nguvu, vinaruka juu. Vikirudi chini vinaitoa ile nguvu kama mwanga. Kila metali ina mwanga wake, kama vile kila mtu ana sauti yake. Shaba inatoa kijani, pengine kijani cha bluu. Sodiamu inatoa manjano makali. Potasiamu inatoa zambarau hafifu. Kalsiamu inatoa wekundu wa tofali. Kwa njia hii Bunsen na Kirchhoff, wakiutazama mwanga kupitia kioo cha pembe tatu, walipata metali mbili ambazo hakuna aliyezijua: sezi mwaka 1860 na rubidi mwaka 1861.

Hapa nyumbani tunaweza kuona jambo hili kwa munyu. Wazee walikuwa na munyu wa namna mbili. Mmoja ulitoka kwenye chemchemi za Mwashya, na huo ni sodiamu. Mwingine mama zetu waliuchuja kwenye majivu ya majani, na huo una potasiamu nyingi. Njo maana ladha yake haiko sawa. Chukua waya safi wa chuma, uchovye kwenye maji, kisha kwenye munyu, uuingize katika moto wa taa ya alkoli. Munyu wa dukani utawaka manjano. Munyu wa majivu utawaka manjano pia, kwa sababu sodiamu kidogo tu inatosha kuifunika zambarau. Lakini ukitazama kupitia kioo cha bluu kilichotiwa kobalti, manjano inapotea na zambarau inaonekana. Ajabu yake ni kwamba kobalti ya kupaka kioo hicho ni metali ya udongo wetu wenyewe.

Jaribu nje, kidogo kidogo, na usivute moshi. Usichome kamwe waya zenye plastiki ili kuona kijani, wala vumbi la mawe ya mugodi: mengine yana uranyumu, na Shinkolobwe haiko mbali.

Tena tuseme ukweli: moto hausemi yote. Kobalti yenyewe haina rangi ya wazi kwenye ndimi za moto. Ile heterogenite nyeusi ambayo vijana wanaibeba kwenye magunia, ukiichoma hivi hivi inanyamaza. Lakini wajiolojia wa zamani walijua namna ya kuisemesha: wanayeyusha boraksi juu ya waya mpaka inakuwa kama ushanga, wanagusa unga kidogo wa jiwe, wanachoma tena. Ushanga ukiwa bluu nzito, ukiwa moto na ukiwa baridi, kobalti iko. Ila hautasema ni kiasi gani.

Na kiasi njo kinacholeta magomvi. Mwaka 1911 tanuru kubwa la Union Minière liliwaka Lubumbashi. Tangu pale ujuzi wa jiwe ulihama: ukatoka mikononi mwa fundi wa kijiji, ukaingia ndani ya laboratware. Leo mchimbaji anafika depo, mnunuzi anashika kimashine, anasema: "Yako ni mbili kwa mia." Kijana anajibu nini? Hana neno.

Wazee wa shaba hawakuwa na kimashine, lakini hakuna aliyewaambia jiwe lao ni nini. Hatuwezi kurudi kwenye tanuru la kichuguu. Ila mtoto wa Kolwezi au Likasi anayejifunza shuleni rangi za moto, ushanga wa boraksi na historia ya misalaba, huyo atajua walau swali la kuuliza mbele ya mizani. Urithi wa "kula shaba" ni huo: kujua jina la kitu chako mbele ya kukiuza.