Maji ya Mto Yordani na uhusiano wa Israeli na nchi za Kiarabu

Maji ya Mto Yordani yamekuwa sehemu ya ugomvi na mapatano kati ya Israeli na majirani zake Waarabu tangu 1948. Mto wenyewe ni mdogo kuliko sifa zake. Una urefu wa kilomita 251 hivi, na hata zamani, kabla haujakamuliwa, ulimwaga katika Bahari ya Chumvi takriban mita za ujazo bilioni 1.3 kwa mwaka; Nile ilipitisha Aswan zaidi ya mara 60 ya kiasi hicho. Lakini bonde lake linagawanywa na Lebanon, Syria, Israeli, Yordani na Wapalestina, na kwa muda mrefu Israeli na majirani zake hawakuweza kukaa mezani hadharani kuugawana.

Chanzo chake ni vijito vitatu: Hasbani unaotoka Lebanon, Banias unaobubujika chini ya Mlima Hermoni upande wa Golan, na Dan ulio ndani ya Israeli. Huungana na kuingia Ziwa Galilaya, lililo zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari. Kusini ya ziwa hupokea Yarmouk, mto unaoshuka kutoka Syria na kuwa mpaka kati ya nchi hiyo na Yordani. Safari inaishia Bahari ya Chumvi, ambayo uso wake sasa uko zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari na unazidi kushuka kwa zaidi ya mita moja kila mwaka. Sehemu ya chini ya mto haipati hata sehemu moja ya kumi ya maji yake ya zamani, na katika hayo machache mna maji taka na ya chemchemi za chumvi. Mahujaji wanaokwenda kubatizwa huko hukuta kijito cha tope.

Miaka ya mifereji na mabomu

Septemba 1953 Israeli ilianza kuchimba mfereji wa kuchepusha maji ya mto kaskazini ya Ziwa Galilaya, katika eneo lililotakiwa kuwa huru bila majeshi. Syria ililalamika Umoja wa Mataifa, Marekani ikasitisha msaada wake kwa Israeli, na kazi ikasimama. Mwaka huohuo Rais Eisenhower wa Marekani alimtuma mjumbe wake Eric Johnston kutafuta mgawanyo ambao wote wangeweza kuuvumilia. Baada ya safari kadhaa za kwenda na kurudi ukapatikana Mpango wa Pamoja wa 1955: Lebanon mita za ujazo milioni 35 kwa mwaka, Syria milioni 132, Yordani fungu kubwa kuliko wote, na Israeli kitakachobaki. Wataalamu wa pande zote waliukubali. Wanasiasa ndio waliokwama, kwa kuwa kusaini mgawanyo wa maji na Israeli kungekuwa sawa na kuitambua. Oktoba 1955 Umoja wa Nchi za Kiarabu uliuahirisha, na haukusainiwa kamwe. Hata hivyo Yordani na Israeli ziliendelea kwa miaka kuutumia kama kipimo, kila moja ikichota kwa kuangalia fungu lake katika mkataba usiokuwapo.

Israeli ilibadili njia, ikaweka pampu kwenye ziwa lenyewe. Mfumo wa Taifa wa Maji ulifunguliwa 1964: mabomba, mifereji na mahandaki ya kilomita 130 hivi yaliyopandisha maji kutoka shimo la Galilaya na kuyashusha kusini kuelekea jangwa la Negev. Januari mwaka huo viongozi wa Kiarabu walikutana Cairo na kuamua kuchepusha Hasbani na Banias kabla haijafika Israeli. Shambulio la kwanza la kundi la Kipalestina la Fatah, usiku wa kuukaribisha mwaka 1965, lililenga Mfumo huo wa maji. Israeli nayo ikayapiga matrekta na mitambo ya uchepushaji ndani ya Syria mwaka 1965 na tena 1966, mara hiyo kwa ndege.

Wapo wanaosema kwamba Vita vya Siku Sita vya Juni 1967 vilikuwa vita vya maji. Hiyo ni kuzidisha. Sababu zake zilikuwa nyingi, na mradi wa uchepushaji ulikuwa umekwama tayari. Matokeo yake kwa maji, hata hivyo, hayana ubishi. Israeli ilipoiteka Golan kutoka Syria ilipata Banias na ufuko wote wa ziwa. Ilipouteka Ukingo wa Magharibi ilipata mamlaka juu ya maji yaliyohifadhiwa chini ya milima yake, na amri za kijeshi za mwaka huohuo zikamtaka Mpalestina apate kibali kabla ya kuchimba kisima.

Meza ya Yarmouk na mkataba wa 1994

Yordani haikuwa na nguvu ya kupigania mto, na haikuwa na mto mwingine mkubwa. Mfereji wake wa Ghor Mashariki, ambao baadaye uliitwa Mfereji wa Mfalme Abdullah, huchota Yarmouk na kulisha mashamba ya bondeni. Ndege za Israeli ziliuharibu 1969, ukatengenezwa baada ya maelewano ya siri kupitia Marekani. Kutokana na hali hiyo maofisa wa maji wa nchi hizo mbili, ambazo rasmi zilikuwa vitani, walizoea kukutana kimyakimya karibu na makutano ya Yarmouk na Yordani kupanga maji ya msimu. Mikutano hiyo ilikuja kujulikana kwa jina la mazungumzo ya meza ya mandari, na mengi ya yaliyoandikwa baadaye katika mkataba yalikuwa yamekwisha kujaribiwa hapo.

Mkataba wa amani ulisainiwa Wadi Araba tarehe 26 Oktoba 1994, na ibara yake ya 6 pamoja na kiambatisho cha pili ni za maji. Israeli huchukua kutoka Yarmouk mita za ujazo milioni 12 wakati wa kiangazi na milioni 13 majira ya baridi. Zinazobaki ni za Yordani. Majira ya baridi, mvua inapokuwa nyingi, Israeli inaruhusiwa kuongeza milioni 20 na kuziweka ziwani, kisha kuirudishia Yordani milioni 20 wakati wa kiangazi. Ziwa Galilaya likawa ghala la nchi jirani, kwa kuwa Yordani haikuwa na bwawa la kutosha. Palikuwa pia na ahadi ya kutafuta milioni 50 zaidi za maji ya kunywa, bila kusema yatoke wapi. Na hapakuwa na kifungu cha ukame. Ukame ulipokuja 1999 Israeli ilitaka kupunguza sana kilichokuwa haki ya Yordani, magazeti ya Amman yakawaka, na mwishowe maji yakatolewa.

Mpango huu usio na mbwembwe ndio uliodumu kuliko yote. Mwaka 2000 Yordani haikumpeleka balozi wake mpya Tel Aviv, na Novemba 2023 ilimwita nyumbani aliyekuwapo. Mwaka 2019 ilijirudishia mashamba ya Baqura na Ghumar ambayo wakulima wa Israeli walikuwa wakiyatumia. Maji ya Galilaya yaliendelea kupita.

Kwa wengine mambo hayakufika huko. Rais Sadat wa Misri alipendekeza 1979 kupeleka maji ya Nile Negev kama zawadi ya amani. Ethiopia ilipinga vikali, Wamisri wengi wakachukia, na wazo likafa. Mazungumzo ya Israeli na Syria ya mwaka 2000, Shepherdstown na kisha Geneva, yalivunjikia kwenye ukanda mwembamba wa ufuko wa kaskazini mashariki wa ziwa. Rais Hafez al-Assad wa Syria alitaka arudi majini, Israeli ikakataa. Makubaliano ya Oslo ya 1995 yaliwapa Wapalestina kiasi cha maji ya chini ya milima na kamati ya pamoja, kwa muda wa mpito wa miaka mitano. Mpito huo haujaisha hadi leo, na Wapalestina hununua sehemu kubwa ya maji yao kutoka Mekorot, kampuni ya maji ya Israeli. Gaza, ambako maji ya chini ya ardhi ya pwani yameingiliwa na bahari, ilikuwa na maji yasiyofaa kunywewa miaka mingi kabla ya vita vilivyoanza Oktoba 2023 kuharibu mabomba na mitambo.

Bahari inapoingia mezani

Kilichogeuza mizani ni mitambo ya kuondoa chumvi. Israeli ilifungua wa Ashkelon 2005, ukafuatwa na Palmachim, Hadera, Sorek na Ashdod, na sasa sehemu kubwa ya maji ya majumbani inatoka Bahari ya Kati. Maji taka yake karibu yote husafishwa na kurudi mashambani. Mwishoni mwa 2022 ilizindua mradi wa kupeleka maji ya bahari yaliyosafishwa hadi Ziwa Galilaya, yaani kuurudisha nyuma mkondo ule wa 1964.

Yordani ilikwenda upande wa pili. Idadi ya watu imeongezeka, wakimbizi wa Syria wamefika kwa mamia ya maelfu, mabwawa ya Syria yameikausha Yarmouk, na Bwawa la Wahda, lililokamilika 2006 kwenye mpaka, hujaa kwa nadra. Kila mkazi ana chini ya mita 100 za ujazo kwa mwaka, wakati kipimo cha uhaba mkubwa kabisa ni 500. Mitaa mingi ya Amman hupata maji ya bomba mara moja kwa wiki. Watu hujaza matangi ya juu ya paa, na anayeishiwa hununua kwa boza. Tangu 2013 bomba la kilomita 325 huleta mita za ujazo milioni 100 kwa mwaka kutoka Disi, maji ya kale chini ya jangwa ambayo mvua haiyarudishi, na ambayo Saudi Arabia nayo inayachota.

Hapo ndipo Mikataba ya Abrahamu ya 2020, ya kuanzisha uhusiano rasmi kati ya Israeli na baadhi ya nchi za Kiarabu, ilipogusa maji. Umoja wa Falme za Kiarabu, usio na mpaka wowote na mto huo, ulisimamia tamko la Novemba 2021: Yordani ingezalisha umeme wa jua wa megawati 600 na kuiuzia Israeli, nayo Israeli ingeiuzia mita za ujazo milioni 200 kwa mwaka za maji yaliyoondolewa chumvi. Kwa mahesabu ilifaa, maana Yordani ina jangwa na jua, Israeli ina pwani. Siku chache baadaye vijana waliandamana Amman wakipinga nchi kukabidhi koki ya maji kwa Israeli. Novemba 2023 waziri wa mambo ya nje Ayman Safadi alisema Yordani haitasaini.

Oman ilichagua njia ya polepole zaidi. Tangu 1996 Muscat imekuwa makao ya kituo cha utafiti wa kuondoa chumvi kilichozaliwa na mazungumzo ya baada ya mkutano wa amani wa Madrid kati ya Israeli na Waarabu, na ambamo Waisraeli, Wapalestina na Wayordani ni wanachama pamoja, hata katika miaka ambayo Oman haikuwa na uhusiano rasmi na Israeli.

Mradi wa kuunganisha Bahari ya Shamu na Bahari ya Chumvi, uliotiwa saini na Israeli, Yordani na Wapalestina mwaka 2013, uliachwa na Yordani 2021. Badala yake nchi hiyo inapanga kusafisha maji ya Aqaba, ufuko wake pekee, na kuyapandisha zaidi ya kilomita 400 hadi Amman, mita za ujazo milioni 300 kwa mwaka. Yatakuwa ghali kuliko ambayo yangenunuliwa kutoka Bahari ya Kati, na serikali inalijua hilo. Upande wa kaskazini, baada ya utawala wa familia ya Assad nchini Syria kuanguka Desemba 2024, jeshi la Israeli lilishika kilele cha Hermoni na eneo la walinda amani wa Umoja wa Mataifa, na Yordani italazimika kuafikiana na serikali mpya ya Damascus kuhusu Yarmouk iliyobaki.