Kongo: jina la mtoto na kizazi chake

Ng'ambo ya mto Rusizi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mara nyingi jina la mtu hutosha kukisia umri wake. Babu ni Joseph au Pierre. Baba aliandikishwa shuleni kwa majina ya kiasili peke yake, bila jina la ubatizo. Mjukuu ni Glodi au Plamedi. Tofauti hizo hazikuletwa na mapenzi ya wazazi tu, bali pia na kanisa na serikali, na hadi leo zinaonekana katika vyeti vya watu wa familia moja.

Kabla na baada ya ubatizo

Kwa asili, majina mengi ya Kongo hueleza jinsi mtoto alivyozaliwa. Kwa Wakongo wa magharibi mwa nchi, mapacha huitwa Nsimba na Nzuzi, na anayewafuata ni Landu. Kwa Waluba wa Kasai, mapacha ni Mbuyi na Kabanga. Majina ya namna hii hayapitwi na wakati, kwa kuwa mapacha huzaliwa katika kila kizazi. Aidha, kama ilivyo upande wetu wa mpaka, haikuwa lazima baba na watoto wake washiriki jina moja.

Chini ya utawala wa Ubelgiji, kuanzia 1908 hadi 1960, shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Aliyebatizwa alipewa jina la mtakatifu, na jina hilo likawa pia alama ya mtu aliyesoma. Ndivyo Joseph, Pierre, Marie na Thérèse walivyojaa katika daftari za shule na za parokia.

Amri ya mwaka 1972

Tarehe 27 Oktoba 1971, Rais Mobutu aliibadilisha nchi jina, ikawa Zaire. Mapema mwaka 1972 aliacha jina lake la Joseph-Désiré, akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na raia wote wakatakiwa kuyaacha majina ya kigeni. Mapadri walitishiwa adhabu iwapo wangewabatiza watoto kwa majina ya Kizungu. Kardinali Joseph Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alipinga siasa hiyo, akalazimika kuishi Roma kwa miezi kadhaa.

Mabadiliko hayo yalionekana hata viwanjani. Mlinda lango Robert Kazadi akawa Kazadi Mwamba. Pierre Ndaye akawa Ndaye Mulamba, na ni kwa jina hilo alilofunga mabao 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri mwaka 1974. Mwanamuziki Pascal Tabu naye akajulikana kama Tabu Ley.

Badala ya jina la mtakatifu, wengi waliongeza jina la babu au la mtu mwingine wa ukoo. Hapo ndipo desturi ya kuandika majina mawili ya kiasili ilipopata nguvu. Majina ya ubatizo hayakufa. Yaliendelea kutumika nyumbani, ingawa hayakuonekana tena katika hati za serikali.

Majina ya maombi

Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja, na majina ya ubatizo yakarudi hadharani. Wakongo wengi sasa huandikwa kwa sehemu tatu, kama anavyoandikwa Rais wa sasa, Félix-Antoine Tshisekedi Tshilombo: Tshisekedi ni jina la baba yake, Tshilombo ni jina la pili la kiasili.

Hata hivyo, wazazi vijana hawakurudi kwa watakatifu peke yao. Pamoja na kuenea kwa makanisa ya uamsho, yalizidi majina ya Kifaransa yenye sauti ya sala: Dieumerci, yaani shukrani kwa Mungu, Exaucé, aliyejibiwa maombi, Merveille, ajabu. Mengine ni sentensi zilizofupishwa. Glodi ni utukufu wa Mungu, Gradi ni neema ya Mungu, na Plamedi ni mpango wa ajabu wa Mungu.

Mashariki, kazi hiyo hufanywa na Kiswahili. Uvira, Bukavu na Goma zimejaa akina Baraka, Neema, Furaha, Riziki na Aksanti. Katika eneo lililosumbuliwa na vita tangu 1996, mzazi anayemwita mwanawe Amani anataja kile anachokikosa. Kwa hiyo majina haya mapya yanafanana na yale ya mababu kuliko yanavyofanana na Joseph: yanasimulia hali ambayo mtoto alizaliwa ndani yake.

Vyeti visivyolingana

Wanaobeba mzigo wa historia hii ni hasa waliozaliwa kati ya 1972 na 1990. Mwanamke anaweza kuwa Marie katika kadi ya ubatizo, na jina hilo lisionekane kabisa katika cheti chake cha shule. Anapodai urithi, anapoomba pasipoti au anapoandikishwa kama mkimbizi, karatasi zake huonekana kuwa za watu wawili.

Sheria ya Familia ya 1987 inaagiza majina yatokane na urithi wa utamaduni wa taifa. Kulibadilisha jina, hata tahajia yake au mpangilio wa sehemu zake, kunahitaji idhini ya mahakama. Mtoto anayezaliwa leo anapaswa kuandikishwa ndani ya siku 90, na kinachoandikwa siku hiyo ndicho kitakachomfuata maishani.

Kwa wasikilizaji wetu wenye ndugu ng'ambo ya Rusizi, ni vyema karatasi za wazee zilinganishwe mapema, wakati bado yupo mtu anayeweza kushuhudia kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.