Nkombo
Nkombo ni kisiwa cha Rwanda katika Ziwa Kivu, wilayani Rusizi, wilaya ileile yenye mji wa Kamembe. Mgeni huvuka kwa boti.

Urithi wake wa thamani ni lugha: wenyeji huzungumza Kimashi, kinachosemwa pia ng'ambo ya Kongo, pamoja na Kinyarwanda.

Jioni mitumbwi mitatu mitatu, iliyounganishwa kwa miti mirefu, huingia ziwani na taa za kuvutia sambaza, huku wavuvi wakiimba kwa mapigo ya makasia. Samaki hawa wadogo waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakikaangwa hadi wakauke, ni watamu kweli. Anayetaka kuuona uvuvi huo asirudi bara kabla ya machweo.