Uongozi wa Vyuo Vikuu na Ukingo wa Nyasa: Kutoka Likoma hata Kindimba

Neno "chuo" katika Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana ya kitabu, kisha likawa na maana ya mahali pa kusomea kitabu. Mtoto aliyetiwa chuoni alikaa mbele ya mwalimu mmoja, na mwalimu huyo ndiye aliyekuwa mkuu, mtunza mali na mlezi. Chuo kikuu ni jambo la namna nyingine. Kina baraza na seneti, kina msajili na mhazini, na kina ngazi ndefu ya vyeo ambayo mtu aweza kuipanda maisha yake yote bila kufika juu. Basi yafaa kuulizwa: wapandao ngazi hiyo hutoka wapi, hufunzwa uongozi na nani, nao humjibu nani? Swali hili huulizwa mara nyingi katika miji mikuu. Hapa laulizwa mbali na miji hiyo, katika ukingo wa mashariki wa Ziwa Nyasa, pande za Liuli na Mbamba Bay, na katika milima ya Umatengo iliyo nyuma yake, nchi ambayo leo ni ya Wilaya za Mbinga na Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma.

Huenda msomaji akastaajabu, kwa kuwa nchi hiyo haikupata kuwa makao ya chuo kikuu chenye jina. Lakini vyuo vikuu viliifikia mara mbili, kila mara kwa namna yake, na tofauti ya mara hizo mbili ndiyo inayofundisha.

Misheni ya Vyuo Vikuu

Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alisema na watu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, akawataka waendeleze kazi aliyoianza Afrika. Kutokana na mwito huo kulianzishwa jamii ya kimisheni ya Kianglikana iliyochukua jina la vyuo vikuu vyenyewe: Oxford na Cambridge kwanza, kisha Durham na Dublin. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifika nchi ya Shire mwaka wa 1861, akafa Januari 1862. Mwaka wa 1864 makao yakahamishiwa Unguja. Huko Edward Steere alifanya ile kazi ya lugha ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili anaijua, na huko Kiungani kikawapo chuo cha kufundishia walimu na mapadre wa Kiafrika.

Mwaka wa 1876 waliwasili vijana wawili waliosoma pamoja Oxford, Chauncy Maples na William Percival Johnson. Johnson alifika ziwani mwaka wa 1882, na mwaka wa 1885 misheni ikaweka makao yake katika kisiwa cha Likoma. Watu hawa wawili, waliotoka katika chuo kimoja, walikuwa mifano miwili ya uongozi. Maples alikaa Likoma, akapanga nyumba, shule, hesabu na barua. Ndiye aliyekuwa mtawala. Johnson hakukaa mahali. Alipita vijijini kwa miguu na kwa chombo, akala chakula cha wenyeji, akaifasiri Biblia kwa Chinyanja, na ijapokuwa macho yake yaliharibika, hakuacha kazi. Maples alifanywa askofu mwaka wa 1895, na tarehe 2 Septemba mwaka huo huo akazama ziwani alipokuwa akirudi Likoma. Johnson aliishi hata mwaka wa 1928, akazikwa Liuli, na kaburi lake liko kwenye ukingo wa Tanganyika.

Tabia ya uongozi wa Misheni ya Vyuo Vikuu yaonekana vizuri zaidi katika meli yake. Meli iliyoitwa Chauncy Maples, iliyoletwa kutoka Uingereza vipande vipande na kushushwa majini mwaka wa 1901, ilikusudiwa iwe shule na hospitali inayotembea. Kwa meli hiyo elimu iliwafikia watu mlangoni pao. Lakini nahodha, ratiba na fedha vilikuwa vya mtu mwingine. Makao ya askofu yalikuwa kisiwani, na mfuko wa fedha ulikuwa London. Baada ya mapatano ya Waingereza na Wadachi ya tarehe 1 Julai 1890, ukingo wa mashariki ukawa wa Wadachi, ilhali Likoma ikabaki chini ya Waingereza. Hivyo mwalimu wa Liuli alikuwa na serikali yake upande mmoja wa maji na mkuu wake wa kazi upande wa pili. Shida ya mpango huo ilidhihirika tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen ilipoishambulia meli ya Kidachi Hermann von Wissmann hapo hapo Liuli, mahali ambapo wakati huo Wadachi walipaita Sphinxhafen.

Ngazi ya vyeo ilikuwapo tangu mwanzo. Mwanafunzi aliyefaulu alifanywa mwalimu, mwalimu aliyedumu aliweza kuwa shemasi, na shemasi aliweza kuwa padre. Yohanna Abdala, Myao aliyesomea Kiungani, alipanda ngazi hiyo, akaongoza misheni ya Unangu, akaandika historia ya Wayao kwa Kiyao, iliyochapishwa mwaka wa 1919. Leonard Kamungu naye alikuwa padre kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Lakini juu ya padre ngazi ilikatika. Josiah Mtekateka, padre aliyetumika pia upande wa Tanganyika, hakuwekwa wakfu kuwa askofu mpaka mwaka wa 1965, miaka themanini baada ya misheni kufika Likoma. Watu waliweza kufundishwa kufanya kila kazi ya uongozi isipokuwa kuongoza.

Lugha nayo ilikuwa sehemu ya ngazi hiyo. Misheni ya ziwani ilifundisha kwa Chinyanja, ilhali serikali ya Tanganyika, ya Wadachi na baadaye ya Waingereza, iliendesha kazi zake za chini kwa Kiswahili. Ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka wa 1930 ili kusanifisha Kiswahili, nchi ya Liuli ilikuwa na vitabu vyake vya lugha nyingine. Kijana wa huko aliyetaka cheo alikuwa na njia mbili mbele yake, moja ya kuvuka maji na moja ya kupanda milima, na kila njia ilikuwa na lugha yake.

Njia ya milimani

Njia ya milimani ilifunguliwa zaidi na Wabenediktini waliotoka Peramiho, ambao mwaka wa 1899 walianzisha misheni ya Kigonsera. Hapo baadaye palikuwapo seminari, na miongoni mwa waliosoma humo alikuwa Benjamin William Mkapa, mzaliwa wa upande wa Masasi. Kutoka huko alikwenda Ndanda, Pugu na Makerere, akawa Rais wa Tanzania kuanzia mwaka wa 1995 hata 2005, na Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka wa 2007 yeye akawa Mkuu wake wa kwanza.

Yafaa kutazama cheo hicho vizuri. Mkuu wa Chuo hutoa shahada na kukipa chuo heshima yake. Kazi za kila siku humwangukia Makamu wa Mkuu wa Chuo. Majina ya Kiswahili yanaificha tofauti hii, kwa kuwa anayeitwa makamu ndiye mtawala hasa. Anayetaka kujua historia ya uongozi wa vyuo vikuu vya Tanzania hana budi kuwafuata makamu.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jumba la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Cranford Pratt, Mkanada. Mwaka wa 1965 akafuatwa na Wilbert Chagula, Mwafrika wa kwanza katika kazi hiyo. Chuo kiliposimama peke yake kuwa Chuo Kikuu, tarehe 1 Julai 1970, Rais Nyerere alikuwa Mkuu, na Makamu wa kwanza alikuwa Pius Msekwa, ambaye kabla ya hapo alikuwa Katibu wa Bunge na kisha mtendaji mkuu wa TANU. Mwaka wa 1977 alifuata Ibrahim Kaduma, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Mwaka wa 1980 alifuata Nicholas Kuhanga, aliyekuwa Waziri wa Elimu. Watu watatu mfululizo walitoka katika chama na serikali. Baadaye tu, alipokuja Geoffrey Mmari mwaka wa 1988, mwalimu wa hisabati, na Matthew Luhanga mwaka wa 1991, mhandisi, cheo hicho kilirudi kwa watu waliokulia katika madarasa.

Si haki kusema kwamba wa kwanza walikuwa wabaya na wa pili wema. Taifa jipya lilikuwa na sababu zake. Mwaka wa 1966 wanafunzi waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, wakafukuzwa wengi. Serikali ikaona kwamba chuo kisichosikia wananchi ni hatari. Lakini mwaka wa 1971, alipokamatwa na kufukuzwa Symonds Akivaga, kiongozi wa wanafunzi, lawama iliyotolewa chuoni ilikuwa kinyume chake: kwamba uongozi ulisikia sauti ya juu tu. Mabishano hayo mawili yalikuwa swali moja lililoulizwa kutoka pande mbili, nalo ni lile lile la meli ya Likoma: anayeshika usukani humjibu nani?

Chuo kikuu Umatengo

Mara ya pili vyuo vikuu vilipofika Mbinga vilikuja kwa jembe. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa Morogoro mwaka wa 1984, kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani katika utafiti wa Mbinga kuanzia mwaka wa 1994 hata 1997. Kutokana na kazi hiyo kikaundwa kituo cha maendeleo endelevu ya vijijini ndani ya chuo hicho, na kazi ikaendelea kwa msaada wa Japani tangu 1999 mpaka 2004, na kijiji cha Kindimba kikiwa mahali pake pakuu milimani.

Watafiti walikuta ufundi uliokwisha kuwapo. Wamatengo hulima miteremko mikali kwa ngolo: nyasi hukatwa na kupangwa kwa safu zinazokatana, kisha wanawake huzifunika kwa udongo, na katikati hubaki mashimo yanayoyanasa maji ya mvua na udongo unaoteremka. Ufundi huo wasemekana ulikuzwa wakati mashambulizi ya Wangoni ya karne ya 19 yalipowabana watu milimani. Hata mwaka wa 1938 mtawala wa Kiingereza aliandika kuusifu. Hapa mtaalamu hakuwa na la kufundisha juu ya kuhifadhi udongo. Alikuwa na la kujifunza.

Pamoja na ngolo walikuta kumbukumbu ya sengu. Katika ukoo wa Kimatengo wanaume wa mji mmoja walikusanyika kula pamoja, na baada ya chakula mambo yalizungumzwa: mipaka, kazi, ugomvi, na mwenendo wa vijana, ambao nao walikuwapo wakisikiliza. Hiyo ndiyo sengu. Ilikuwa meza, baraza na shule kwa wakati mmoja. Kadiri watu walivyotawanyika, kahawa ikawa mali ya mtu mmoja mmoja, na vijiji vikapangwa upya, sengu ilififia. Ilipotakiwa kujengwa Kindimba mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, kazi haikukabidhiwa ofisi ya mradi peke yake. Wanakijiji waliunda kamati, wakaipa jina la Sengu, na kamati hiyo ikasimamia kazi.

Hapana budi kusema pia upungufu wake. Sengu ya kale ilikuwa ya wanaume, ilhali ngolo hufunikwa na wanawake. Kwa hiyo baraza lililojadili shamba halikuwa na wale walioinamia shamba. Kuirudisha sengu bila kuipanua kungekuwa kurudisha kosa lake. Hata hivyo lipo jambo ambalo sengu ililijua na ambalo seneti nyingi zimelisahau: kwamba kiongozi wa kesho hufunzwa kwa kukaa na kusikiliza shauri likikatwa, kabla hajapewa cheo.

Majina ya vyeo

Hapa lugha yatoa ushahidi wake. Kamati ya Lugha ya 1930 ilitiwa katika Chuo cha Dar es Salaam mwaka wa 1964 ikawa Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili, na tangu hapo utawala wa vyuo umetafutiwa maneno. Ndaki ina rasi wake, na shule kuu ina amidi. Maneno hayo yametokana na Kiarabu, na yote mawili yana maana ya aliye kichwani au aliye nguzo. Seneti na chansela yametoka Ulaya. Kila neno katika orodha hiyo lamtaja aliye juu. Halimo neno la kitendo cha kukaa pamoja kabla ya kuamua, ila "baraza", ambalo asili yake ni kibaraza cha nyumba, mahali pa kuketi na wageni.

Basi ukingo wa Nyasa umeona mifano miwili ya uongozi wa elimu ya juu. Wa kwanza ulikuja kwa meli, ukafundisha mengi, ukajenga walimu na mapadre, lakini ukaweka usukani mbali na waliobebwa. Wa pili ulikuja ukauliza, na ulipouliza ukapata baraza lililokwisha kuwapo. Rasi au makamu atakayetoka Litembo au Liuli atapanda ngazi ile ile ya vyeo kama wenzake wa mahali pengine. Lakini kama alipata kuketi utotoni karibu na wazee wakikata shauri, atakuwa amefunzwa mwanzo wa kazi yake kabla ya kuingia darasani, nako kufunzwa huko hakuna cheti.