Franco na Simaro: Wimbo Unaimbwa Upya, Aliyeutunga Anasahaulika

Baraka, wilaya ya Fizi. Ukipita jioni kwenye nyumba za kuchaji simu karibu na soko kubwa, utasikia rumba ya zamani. Kijana mwenye kompyuta anakuwekea nyimbo kwenye memori kwa pesa kidogo, na ukimwomba muziki wa wazee anafungua kisanduku kimoja tu, nacho kimeandikwa jina moja: Franco.

Juma lililopita nilisimama pale nikasikiliza. Wimbo wa kwanza ulikuwa Mario. Wa pili ulikuwa Mabele. Wa tatu ulikuwa Maya. Nikamuuliza kijana ni nani aliyezitunga. Akajibu bila kusita kwamba zote ni za Franco. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja simu yake naye akakubali kwa kichwa. Mario ni ya Franco, hapo walisema kweli. Lakini Mabele na Maya zilitungwa na Lutumba Simaro. Nimeona tuzungumze habari hii, wapendwa wasomaji, kwa sababu inatugusa hata sisi tulio mbali na Kinshasa.

Tuanze na albamu moja. Mwaka 2009, miaka 20 baada ya kifo cha Franco, mpiga gitaa Syran Mbenza alitoa albamu ya kumheshimu, iitwayo Immortal Franco, maana yake Franco asiyekufa. Mbenza si mtu mdogo katika muziki wetu. Alipiga gitaa katika African All Stars pamoja na Sam Mangwana, kisha katika Les Quatre Étoiles kule Paris, kisha katika Kékélé. Katika albamu hiyo aliwakusanya wenzake, akiwemo Wuta Mayi, ambaye aliwahi kuwa mwimbaji wa Franco mwenyewe, wakaziimba upya nyimbo za zamani. Ni kazi nzuri. Ukiisikiliza unaona jinsi mtu anavyoweza kurudi kwa sauti za watu wengine.

Lakini nyumba ya Franco ilikuwa na kalamu zaidi ya moja, na iliyomkaribia zaidi ilikuwa ya Simaro.

Wote wawili walizaliwa mwaka 1938. Franco, yaani François Luambo Makiadi, alizaliwa Sona Bata, katika Kongo ya Chini. Simaro alizaliwa Léopoldville, jina la Kinshasa wakati ule. OK Jazz ilianza Juni 1956, Franco akiwa bado hajatimiza miaka 18. Simaro aliingia mwaka 1961 kama mpiga gitaa, na hakutoka tena hadi Franco alipofariki. Ni miaka 28 katika okestra moja. Ndoa nyingi hazifiki hapo.

Kalamu zao hazikufanana. Franco alitunga kama mtu anayesimama sokoni na kusema wazi yale ambayo wengine wanayanong'ona. Mario, ya mwaka 1985, inamsema kijana aliyesoma lakini anakula kwa jasho la mwanamke tajiri aliyemzidi umri. Mwaka 1987 alitoa Attention na SIDA, akiwaonya watu juu ya ugonjwa ambao viongozi wengi waliogopa hata kuutaja. Simaro yeye walimwita Mshairi. Alipenda mafumbo, kifo, mapenzi yaliyovunjika, mambo ya familia. Mabele, ya mwaka 1974, jina lake maana yake ni ardhi. Testament ya Bowule ni wosia. Maya, ya mwaka 1984, ni malalamiko ya mtu aliyependa akaumia.

Sasa, kwa nini tunawachanganya? Sababu haiko mbali. Simaro hakuwa mwimbaji. Alitunga maneno na sauti, kisha akampa mwingine aimbe. Mabele aliiimba Sam Mangwana. Maya aliiimba Carlyto Lassa. Testament ya Bowule aliiimba Malage de Lugendo. Basi msikilizaji akashika kwanza sauti ya mwimbaji. Akishaipenda, akatafuta jina, na jina alilolijua ni la mkubwa wa okestra: Franco na TPOK Jazz. Mtunzi akabaki mtu wa tatu, mwenye jina katika maandishi madogo ya sahani. Sahani ilipogeuka kanda, kanda ikageuka memori ya simu, maandishi yale madogo yakapotea kabisa.

Sisemi Franco alimnyang'anya rafiki yake. Katika miaka ya 1980, wakati Franco alipokuwa akikaa sana Ulaya na sehemu moja ya wanamuziki, Simaro ndiye aliyekuwa akiongoza waliobaki Kinshasa. Hakuna anayemwachia nyumba mtu asiyemwamini.

Franco alifariki tarehe 12 Oktoba 1989, huko Namur, Ubelgiji. Zaire nzima ilitangaziwa siku nne za maombolezo. Simaro aliendelea kuishika okestra, lakini katika miaka ya 1990 ukaja ugomvi na familia ya marehemu, na wanamuziki wakaenda kuunda Bana OK, maana yake watoto wa OK. Huko Simaro alizilinda nyimbo hizo kwa miaka mingi, zake na za mwenzake, hadi alipofariki Paris tarehe 30 Machi 2019. Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliitia rumba ya Kongo katika urithi wa binadamu wote. Wote wawili hawakuiona siku hiyo.

Msomaji anaweza kuuliza: habari hizi zinatusaidia nini sisi watu wa Ubwari? Watu wanahangaika na barabara, na usalama, na bei ya unga, wewe unatuletea Franco na Simaro?

Jibu langu ni hili. Huku Fizi, Mabele hupigwa kwenye matanga. Watu wengi hawajui Lingala ya ndani, lakini neno hilo moja wanalijua. Na ardhi kwetu si neno la wimbo tu. Wako waliokimbia vita wakavuka ziwa kwenda Tanzania, wakazika wazazi wao kambini Nyarugusu, mbali na udongo wa mababu. Mtu aliyetupatia neno la kushika wakati wa kilio anastahili angalau kutajwa kwa jina lake.

Tena jambo hili liko hapa hapa nyumbani. Tazama kwaya zetu. Kwaya ya Mboko inaimba wimbo, ya Baraka inauchukua, ya kambini inaubadilisha mdundo, na baada ya miaka kumi hakuna anayejua aliyeutunga. Tazama nyimbo za Kibembe ambazo mama zetu wanaimba kwenye arusi. Nyingine ni za zamani mno, ni za wote. Lakini nyingine zilitungwa na mtu tunayeweza kumtaja, mwalimu fulani, mama fulani, ambaye pengine yuko hai na anapita sokoni bila mtu kumsalimia kwa ajili hiyo. Kuimba wimbo wa mtu ni kumpa heshima. Kuuimba na kulificha jina lake ni kula chakula chake bila kumuuliza nani alipika.

Nchi yetu ina sheria juu ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na kuna SOCODA inayopaswa kuwakusanyia haki zao. Mtunzi wa kijijini Ubwari hatafika kwenye ofisi hizo kesho. Lakini jina halihitaji ofisi. Kiongozi wa kwaya anaweza kulisema kabla ya wimbo. Mtangazaji wa redio anaweza kulisema, ni sekunde tano tu. Kijana wa memori anaweza kuliandika.

Yule kijana wa sokoni nilimweleza habari za Simaro. Alisikiliza, akacheka kidogo, akaniuliza jina linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja. Jana nilipita tena. Kwenye kompyuta yake sasa kuna visanduku viwili, kimoja cha Franco na kingine cha Simaro. Mabele ameihamisha. Maya bado iko kwa Franco.

Wewe msomaji wa Fizi, Mboko, Kazimia, au wewe uliye ng'ambo ya ziwa: kama unamjua aliyetunga wimbo ambao watu wanaimba bila kumtaja, muulize kama yuko hai, andika jina lake na mwaka, utuletee. Tutaanza orodha hapa hapa.