Kununua shamba la farasi Texas: mambo ya kufahamu kabla ya kutoa arubuni

Kwa Mwafrika Mashariki aliyeishi miaka mingi Dallas, Fort Worth au Houston, kununua ekari kumi zenye uzio, kisima na banda la farasi ni jambo linalowezekana. Hata hivyo, umiliki wa ardhi Texas una misingi iliyo tofauti sana na ile ya Tanzania, Kenya au Uganda. Asiyeifahamu anaweza kupoteza akiba ya nusu ya maisha yake.

Yafuatayo ni mambo ya msingi.

Maeneo yenyewe

Magharibi mwa Fort Worth uko mji wa Weatherford, katika kaunti ya Parker, unaojulikana kwa farasi wanaofunzwa kumtenga ng'ombe mmoja kutoka kundini. Kaskazini, katika kaunti ya Denton, iko miji ya Pilot Point na Aubrey.

Wafugaji walivutiwa na Pilot Point na Aubrey kwa sababu ya udongo. Ni udongo wa kichanga, usiotuamisha maji, na hauumizi kwato. Ukisogea mashariki unaingia kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba kwa mvua, hupasuka kwa kiangazi na huvunja misingi ya nyumba.

Kwa upande wa Houston, mashamba ya farasi yako zaidi kaskazini-magharibi, kuelekea Tomball, Magnolia, Waller na Hempstead. Huko mvua ni nyingi na unyevu ni mkubwa.

Ranchi za nyanda kame za juu, zinazoonekana mara nyingi katika picha, ziko magharibi ya mbali, karibu na miji kama Marfa na Alpine. Huko farasi huhitaji eneo kubwa zaidi la malisho, kwa kuwa majani ni haba.

Nani anaruhusiwa kununua

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa asiye raia upangaji usiozidi miaka 99, na Tanzania humruhusu mgeni kupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Texas haina masharti ya jumla ya namna hiyo: mgeni anaweza kumiliki ardhi moja kwa moja.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Sheria ya Texas iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2025 inawazuia watu na kampuni kadhaa kutoka China, Iran, Korea Kaskazini na Urusi. Nchi za Afrika Mashariki hazikutajwa.

Aidha, chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1978, mtu asiye raia wala mkaazi wa kudumu anayenunua ardhi ya kilimo ya zaidi ya ekari kumi kwa kawaida hutakiwa kuiarifu Wizara ya Kilimo ya Marekani katika siku 90. Faini ya kutofanya hivyo inaweza kufikia asilimia 25 ya thamani ya ardhi.

Kilicho chini ya ardhi

Nchini Tanzania na Kenya, madini huwa chini ya dhamana ya serikali. Texas, madini, mafuta na gesi vinaweza kuwa mali ya mtu binafsi, na mtu huyo si lazima awe yule anayemiliki ardhi ya juu.

Wauzaji wengi wa zamani waliuza ardhi wakabakisha haki za madini. Mwenye haki hizo anaruhusiwa kutumia sehemu ya ardhi yako, kwa kiasi kinachohitajika, ili ayachimbe. Kaunti za Parker, Wise na Denton zimo katika eneo la gesi la Barnett, ambako uchimbaji ulishamiri katika miaka ya 2000.

Mwaka 2014 wapiga kura wa mji wa Denton walipiga marufuku upasuaji wa miamba kwa maji ya shinikizo. Mwaka 2015 bunge la jimbo liliifuta nguvu marufuku hiyo.

Kodi ya ardhi

Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, lakini kodi ya ardhi na majengo ni nzito. Ardhi ya kilimo hupata nafuu kubwa, kwa kuwa hukadiriwa kwa kile inachozalisha badala ya bei ya soko. Kwa kawaida sharti iwe imetumika kwa kilimo miaka mitano kati ya saba iliyotangulia.

Wengi hukosea hapa. Farasi wa kupanda kwa starehe tu hawamstahilishi mwenye ardhi kupata nafuu hiyo. Kuzalisha farasi, kufuga ng'ombe au mbuzi, au kuvuna majani ya malisho kunaweza kumstahilisha.

Mnunuzi mpya hairithi nafuu ya muuzaji. Ni lazima aombe upya, kwa kawaida kabla ya tarehe 1 Mei. Akibadilisha matumizi ya ardhi, anaweza kudaiwa tofauti ya kodi ya miaka mitatu iliyopita.

Maji na mafuriko

Farasi mmoja hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Pima kina cha kisima, wingi wa maji na usafi wake kabla ya kununua. Kwa kanuni iliyothibitishwa na Mahakama Kuu ya Texas mwaka 1904, jirani anaweza kuvuta maji mengi chini ya ardhi yake hata kisima chako kikapungua, ingawa wilaya za uhifadhi wa maji huweka mipaka.

Karibu na Houston hatari kubwa ni maji kuzidi. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilifurika hata nyumba ambazo wenyewe hawakujua kuwa zimejengwa katika eneo la mabwawa ya Addicks na Barker. Tangu mwaka 2019 muuzaji wa nyumba hulazimika kueleza kwa mapana zaidi historia ya mafuriko. Hata hivyo, waulize majirani.

Hatua za ununuzi

Mkataba wa ardhi lazima uandikwe. Omba kipindi cha hiari, ambacho mnunuzi hulipia kiasi kidogo ili aweze kujitoa bila kueleza sababu. Katika siku hizo mlete mpima ardhi, mkaguzi wa nyumba na wa tangi la maji machafu, na wakili wa kusoma hati: nani ana madini, nani ana haki ya njia, na masharti gani yanakataza mifugo. Nunua pia bima ya hati.

Chunguza uzio. Seng'enge huwajeruhi farasi vibaya, na kuiondoa ni gharama.

Mwisho, wanaochanga fedha kama ndugu au chama waandike majina yote katika hati, pamoja na makubaliano ya nani atalipa kodi na nini kitatokea mmoja akifariki au akitaka kutoka. Bila makubaliano hayo, mmiliki mwenza yeyote anaweza kuiomba mahakama igawanye shamba au iliuze. Kwa aliyekwisha kupoteza ardhi ya nyumbani, kuipoteza ya ugenini kwa kukosa karatasi moja ni msiba unaoweza kuepukika.